Ufunguo wa Sanduku la Simu

Mwaka jana nilikwenda Umra, na nilipomaliza sikurudi nyumbani moja kwa moja na wenzangu wa msafara. Nilishukia Jidda kwa siku mbili, nikamtafuta mtu mmoja mtaa wa Rawdah, kwa kuwa Makka yeye haruhusiwi kuingia na mimi nisingeondoka nchi ile bila kumwona. Nilimkuta jikoni, nyuma ya mkahawa mdogo wanamokula madereva na wauzaji wa madukani, mikono imejaa unga hadi viwikoni, anakunja vile vitonge vya nyama vinavyopikwa kwa mvuke ambavyo kwao huitwa momo. Kwa ajili ya unga hakunipa mkono. Aliinamisha kichwa akakigusisha begani mwangu. "Daju," akasema, neno lao la kumwita kaka mkubwa, "umezeeka." Nikamwambia na yeye amenenepa, tukacheka. Kisha nikaiona simu yake. Ilikuwa imelazwa juu ya meza ya chuma, kioo juu, mbali na maji, mahali ambapo asingeweza kuikosa hata angetaka. Nikaacha kucheka. Yeye alidhani nimechoka kwa safari, akanivutia kiti. Mtu huyu anaitwa Dil, ni wa Nepal, na kwa sababu yake ninaandika sura hii ambayo kwa miaka mingi nilikuwa nikiiruka.

Sitaeleza nilivyofika Saudia wala niliowaacha Kwale. Hayo ni ya watu wengi. Miaka ile mawakala wa kazi za Uarabuni walikuwa wamejaa kila mji wa Kenya, na hadithi zetu za kuondoka zinafanana. Mwaka ninaoutaka ni mmoja tu, 2015, ambao ndani yake nchi ya Nepal ilitetemeshwa na ardhi, ikaandika katiba, kisha ikafungiwa mpaka. Yote hayo niliyaona nikiwa ndani ya ghala la Sulay, Riyadh, mimi ambaye sijakanyaga Nepal na sidhani nitaikanyaga. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Nilijiona mtu mzima aliyekwisha kujifunza ya kujifunza.

Ghala letu lilikuwa la mafuta ya kupikia, maziwa ya unga na sabuni. Tulilala nyuma yake, katika vyumba vya mabati yenye sponji ndani, vitanda sita kila chumba, na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo mchana na usiku. Wengine wawili wa chumba chetu walikuwa madereva wa malori, ambao tuliviona viatu vyao zaidi kuliko sura zao. Waliobaki tulikuwa wanne. Kulikuwa na Wafula wa Bungoma, dereva wa foklifti, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. Kulikuwa na Dil, mtu wa milimani, ambaye kabla ya kunywa chai yake asubuhi hugeuza kikombe mara mbili kama anayetafuta ufa. Na kulikuwa na Yadav, Mnepali pia lakini wa nchi tambarare ya kusini, karibu na mpaka wa India, fundi wa kunyoa wa chumba kizima. Lugha yetu ilikuwa mchanganyiko: Kiarabu cha kazini, Kihindi cha Yadav, Kiingereza cha shule. Nikiandika hapa maneno ya Dil kwa Kiswahili, msomaji ajue nimeyanyoosha. Alivyoyasema yeye yalikuwa yamepinda zaidi na matamu zaidi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipakia mizigo, na magoti yalianza kunisaliti. Mudiri wetu, meneja Mmisri asiyependa kelele, alipogundua nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka, alinipa meza karibu na mlango, feni ndogo na daftari la mizigo inayoingia na kutoka. Pamoja na meza alinipa sanduku. Miezi michache nyuma mtu mmoja alikuwa akiongea na simu huku akiendesha foklifti, akaangusha safu nzima ya mafuta. Tangu hapo ikawekwa sheria kwamba kila mtu aache simu yake saa moja asubuhi na kuichukua wakati wa mapumziko ya adhuhuri. Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao, lililokuja na vigae, likatiwa bawaba na kufuli. Ufunguo niliuvaa shingoni pamoja na ikama yangu, kile kitambulisho ambacho bila hicho huko si mtu. Wafula aliniita Waziri wa Simu. "Waziri, leo utatupatia dakika mbili za kuongea na wananchi?" Watu walicheka, na mimi nilijifanya kukasirika, lakini usiku nilipovua shati ufunguo sikuuvua. Nauandika ukweli huu kwa sababu bila huo mengine hayaeleweki: nilikuwa nimeupenda ule ufunguo.

Jumamosi moja ya Aprili, muda mfupi baada ya saa tatu asubuhi, sanduku lilianza kutetemeka. Mwanzo ilikuwa simu moja, kisha mbili, kisha nyingi kwa pamoja, zikigonga mbao mpaka sanduku lote likawa linasogea juu ya rafu ya chuma.

"Mzee wangu," Wafula akaniambia kutoka juu ya mashine yake, "hiyo sanduku yako inataka kutoroka."

"Endesha mashine, Wafula."

"Si moja, ni zote. Na si zetu, ni za hawa watu wa Nepal. Fungua uone. Kuna kitu imefanyika huko kwao."

"Saa sita watazichukua."

"Waziri, saa sita ni mbali."

"Sheria si yangu," nikasema. Akaniangalia kidogo, akatikisa kichwa, akaondoka na mzigo wake.

Kwa watu wote wa ghala, kisa kiliishia hapo: mzee wa Kenya alishika sheria. Haikuwa hivyo. Wafula alipopinda kona, nililifungua sanduku. Sikulifungua kwa huruma. Nililifungua kwa sababu ya kelele, kwa kuwa ofisi ya mudiri ilikuwa na dirisha la kioo juu yetu, naye alikuwa ameshageuza shingo mara moja. Simu ya Dil ilikuwa juu kabisa. Ilikuwa ikiita. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye pini puani, amepakata mtoto, na chini yake maandishi yao yanayoning'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba. Nilijua ni mkewe. Nilikuwa nimemwona kwenye picha hiyo mara nyingi, chumbani, wakati wa chai. Ikatetemeka mkononi mwangu, ikakatika, ikaanza tena. Dil alikuwa safu ya sita, hatua arobaini kutoka mezani pangu, akipanga katoni za sabuni. Nilitazama juu kwenye kioo. Nikafikiria magoti yangu. Kisha nikachukua taulo dogo nililokuwa nikijifutia jasho, nikalikunja, nikazifunika simu zote, nikashindilia kingo kama mama anayemfunika mtoto, nikafunga kufuli. Kelele ikawa ndogo, kama nyuki ndani ya chupa. Baadaye ikaisha kabisa, na nakumbuka nilishukuru kwamba imeisha.

Adhuhuri nililitoa taulo kwanza kabla watu hawajafika. Dil alichukua simu yake, akasoma, akakaa chini pale pale sakafuni. Mkewe alikuwa amepiga mara kumi na moja. Alipojaribu kumpigia, hakuna kilichoita; mitandao ya kule ilikuwa imezidiwa au imeanguka. Jioni ile, kwenye duka la chai nje ya lango, tulitazama televisheni: minara ya matofali imelala chini, watu wamekaa kwenye viwanja na mablanketi, milima imeachia vumbi. Mwenye duka, mtu wa Yemen, alipita na birika akajaza vikombe bila kuulizwa. Kwao Yadav kulikuwa salama, lakini alikaa karibu na Dil siku zote tatu ambazo simu haikupatikana, na Wafula alimkabidhi Dil simu yake pia ili ajaribu kwa laini mbili. "Endelea kupiga," alikuwa akimwambia. "Itashika tu. Network ni kama ng'ombe, ukiivuta sana inakataa, ukiachilia inakuja." Mimi nilichemsha wali na dengu, nikaungua vidole, nikamwekea sahani. Hakula. Nilijiambia kwamba sote hatukujua.

Jumanne simu ilishika. Alikuwa amesimama kando ya tangi la maji, sisi tumekaa kwenye kivuli cha ukuta. Sikuelewa neno ila moja alilolirudia, aama, ambalo nilikuwa nalijua ni mama. Yadav alitutafsiria kwa sauti ya chini, huku akitazama vidole vyake vya miguu. Mtetemeko wa kwanza ulipasua nyumba yao ya mawe, lakini wote walitoka. Halafu mama yake Dil akarudi ndani kutafuta sanduku la bati lenye hati za shamba. Mkewe, Sunmaya, alisimama uani na mtoto mgongoni, akimlilia atoke, na mama hakutoka. Mama yule alikuwa akimsikiliza mtu mmoja tu duniani, mwanawe. Ndipo Sunmaya akaanza kupiga simu, ili mwanawe amwamuru. Alipiga karibu nusu saa. Ukaja mtetemeko mwingine, na ukuta uliokuwa umebaki ukaanguka.

Dil alikuwa akiongea haraka sasa, akijitetea. Yadav akaacha kutafsiri. "Anasema nini?" Wafula akauliza. "Anamwambia simu iliisha chaji," Yadav akasema. Kisha, kwa kuwa tuliendelea kumtazama, akaongeza: "Kwao wanajua yeye ni supavaiza. Supavaiza hanyang'anywi simu kama mtoto wa shule." Sote tulikuwa na uongo wa namna hiyo nyumbani. Hata mimi, mke wangu aliamini nina ofisi. Kwa hiyo Dil alichagua mkewe amwone mzembe kuliko amjue kuwa ni mtu anayefungiwa vitu vyake kwenye sanduku la vigae, na lawama iliyokuwa yangu akaibeba yeye, mbele yangu, nami nikakaa kwenye kivuli nikimtazama akiibeba.

Hakuwahi mazishi. Pasipoti ilikuwa kwa kafili, mwajiri aliyetudhamini, naye alikuwa safarini, na ofisini jibu lilikuwa "bado, bado". Ruhusa ilipotoka, siku kumi na tatu za matanga yao zilikuwa zimepita, na Sunmaya mwenyewe alimwambia asije, abaki na kazi, kwani mvua zinakaribia na wanalala chini ya turubai. Aliyafanyia matanga chumbani kwetu. Tulimtundikia shuka kwenye kona. Alikula mara moja kwa siku, wali aliojipikia mwenyewe, bila chumvi, na hakuguswa na mtu. Yadav alimnyoa kichwa chote na nyusi, polepole, kwa wembe mpya. Hata Wafula alipunguza sauti. Siku ya kumi na nne Dil alitoka nyuma ya shuka na kusema jambo lililotupa shida mpya: kwao mtoto wa kiume akifiwa na mama huvaa nyeupe mwaka mzima, na ngozi ya mnyama haigusi mguu wake. Sare yetu ilikuwa ovaroli ya buluu na buti za ngozi zenye chuma puani.

Nilimpa kanzu yangu. Nilikuwa nayo moja nzuri, niliyoiweka kwa ajili ya Idi. Ilimfika kwenye vifundo vya miguu, kwapani ikambana. Ijumaa ile tulitoka naye kwenda sokoni Batha kumtafutia viatu vya turubai, na njiani niliona jambo ambalo sijalisahau. Riyadh nzima wanaume huvaa nyeupe. Dil alitembea katikati yao na huzuni yake yote mwilini, na hakuna aliyegeuka kumtazama. "Daju," akaniambia, "hapa wote wamefiwa na mama." Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi.

Mudiri hakutabasamu. "Mafi buti, mafi kazi," akasema. Bila buti, hakuna kazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona mguu wa mtu ukipondwa. Ndipo nikajisikia nikisema kwamba Dil amesoma, anaandika Kiingereza kuliko mimi, akalie meza yangu kwa mwaka mmoja na mimi nitarudi kupakia. Mudiri aliniuliza kama joto limeniingia kichwani. Wafula alinishika mkono nje ya ofisi. "Mzee, hizo magoti zako zitakubali?" Nikasema zitakubali. Nikauvua ufunguo shingoni, nikampa Dil mkononi.

Wote walinisifu. Hapo ndipo ubaya wangu ulipozidi, maana kila aliyenisifu alinisukumia ukweli ndani zaidi. Yadav aliniletea mafuta ya kuchua magoti. Watu wa chumba cha pili walianza kuniita Baba. Nami nikayapokea yote. Jioni nilichuliwa magoti kwa mafuta ya mtu niliyemficha jambo, kwa ajili ya mtu niliyemficha jambo, nikafumba macho nikasema ahsante.

Kitu cha kwanza Dil alichokifanya kwenye ile meza ni kumwendea mudiri na pendekezo. Simu zibaki sandukuni, alisema, lakini kufuli litoke, na simu yoyote ikiita mara tatu mwenyewe aitwe aje asikilize pale pale mezani, amesimama, mbali na mashine. Mudiri alikataa wiki mbili. Mwishoni mwa Mei ukaja mtetemeko mwingine kule, simu zikaanza tena kugonga mbao, na safari hii mudiri mwenyewe alishuka ngazi mbio. "Fungua!" alipiga kelele. "Yalla, fungua!" Dil akamwonyesha kwamba sanduku liko wazi, kufuli alikuwa ameliondoa siku tatu nyuma bila ruhusa. Mudiri aliangalia kufuli, akamwangalia mtu yule wa kipara katika kanzu inayombana, akasema, "Halas," akapanda juu. Ikawa ndiyo sheria.

Tangu siku hiyo mambo ya Nepal yakawa kama mambo ya nyumbani kwetu. Tulijua mvua imeanza lini milimani. Tulijua Sunmaya na jirani zake wamejenga banda la mabati na mianzi, na kwamba mtoto, Asmita, amejifunza kutembea ndani ya hema. Septemba bunge lao likatangaza katiba mpya, na mjini kwao watu wakawasha taa madirishani. Dil alipanga mishumaa mitano kwenye kizingiti cha dirisha letu. Yadav akainuka akaizima yote mitano. Tambarare walikuwa hawaitaki katiba ile; walisema imewapunja, na kwenye maandamano yao watu walikuwa wamekufa. "Washa taa pale alipouawa binamu yangu," akamwambia Dil. Walisimama pua kwa pua, na mimi nilikuwa katikati na sufuria ya ugali. Wafula ndiye aliyewakalisha. "Kaeni chini nyote wawili. Sisi Kenya tulipigana kwanza, ndio tukaandika katiba. Nyinyi mmeandika kwanza, ndio mnaanza kupigana. Basi hamjui hata mpangilio!" Yadav alicheka bila kutaka. Dil hakucheka, lakini alikaa.

Haikuishia hapo. Mpaka wa India ukafungwa, malori yakasimama miezi, na kule milimani gesi ya kupikia ikakosekana. Sunmaya alirudi kwenye kuni, na dawa za mtoto zikawa za kutafutwa. Dil na Yadav wakagawana jiko letu, kila mmoja na upande wake, na kwa muda hawakula pamoja. Ila nywele za Dil zilipoota, aliyezinyoa ni Yadav. Niliwatazama Ijumaa moja baada ya nyingine, yule ameinamisha shingo, huyu ameshika wembe, hawasemeshani, na hakuna aliyeogopa. Oktoba bunge lilipomchagua mwanamke kuwa rais wao, ni Yadav aliyeleta habari, akaitupa tu hewani kama mtu anayezungumza na ndoo. "Mwanao sasa anaweza kuwa rais," akasema. "Na wako," Dil akamjibu. "Mimi sina mtoto." "Basi oa." Jioni ile walikula pamoja, na ulipokuja kufunguliwa mpaka mwanzoni mwa mwaka uliofuata, wao walikuwa wamekwisha kufungua wa kwao.

Mwaka wa matanga ulipotimia kwa hesabu ya mwezi wao, Dil aliivua nyeupe. Asubuhi ya Ijumaa aliniletea kanzu yangu, imefuliwa na kupigwa pasi, ameishika kwa mikono miwili. Mshono wa kwapa la kulia ulikuwa umeachia. "Daju," akasema, "mama yangu hakupata mtoto wa kumzika, lakini wewe ulinipa pa kumlilia. Wewe ni mtu mwema."

Ningeweza kuinyamazia hiyo pia. Nilikuwa nimenyamaza mwaka mzima, na ulimi ulikuwa umezoea. Lakini neno lile nilishindwa kulimeza.

"Nililifungua sanduku," nikasema.

"Sanduku gani?"

"Siku ile. Saa tatu. Wafula aliponiambia nifungue nilikataa, kisha nikafungua peke yangu. Simu yako ilikuwa ikiita. Niliifunika kwa taulo ili mudiri asisikie."

Alikaa kitandani kwangu. "Ulijua ni nani anapiga?"

"Nilijua. Nilimwona kwenye kioo. Nilimwona na mtoto."

Aliiweka kanzu juu ya mto wangu, akainyoosha mkunjo mmoja kwa kidole, akatoka. Wiki nzima hakunisemesha. Hakunishtaki kwa mudiri, wala hakuwaambia wenzetu. Asubuhi alinipokea simu yangu mezani kama alivyopokea za wengine, bila kuinua macho. Meza ilikuwa ya kunirudia mimi, kwa kuwa mwaka ulikuwa umekwisha. Nilikwenda kumwambia mudiri abaki nayo Dil.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nikiosha vyombo. Dil akaja na simu sikioni, akaongea maneno machache, kisha akabonyeza sauti itoke nje. "Mwambie wewe," akaniambia. "Mimi nimechoka kumdanganya."

Mikono yangu ilikuwa na povu. Nilieleza kila kitu, sentensi moja moja, naye akitafsiri moja moja: sanduku, kufuli, saa, picha, taulo. Alitafsiri pia kwamba yeye si supavaiza na hajawahi kuwa. Upande wa pili nilisikia kuku, na mvua juu ya bati. Nilipomaliza, mvua ile ikanyesha peke yake kwa muda mrefu. Kisha mwanamke akaanza kuongea, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu anayeshusha mzigo na kuangalia asivunje kitu.

"Anasema mwaka mzima amekuwa na kinyongo na mimi," Dil akatafsiri. "Anasema mama asingetoka. Hata ningemwamuru asingetoka, zile hati alizipenda kuliko sisi." Mkewe alikuwa bado anaongea, na Dil akageuza uso. "Anasema simu mbili za kwanza zilikuwa kwa ajili ya mama. Zile nyingine zilikuwa zake mwenyewe. Alikuwa anaogopa. Alitaka tu mtu aitikie."

Nilimwomba radhi. Sikuwa na neno lao la kuombea radhi, nikalisema kwa Kiswahili, na Dil hakulitafsiri. Sunmaya akauliza jambo, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ikipanda kidogo mwishoni. "Anauliza kama wewe ndiye mwenye ile kanzu," Dil akasema. "Ameiona kwenye picha. Anasema kwapani imeachia, na wanaume wote hao sita chumba kizima hakuna anayejua sindano?" Wafula, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote bila sisi kumwona, akasema, "Ni ukweli, mama." Dil akacheka, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Mwezi Juni alipokwenda likizo kujenga nyumba, aliiomba kanzu akaenda nayo. Ilirudi imeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono midogo, iliyokaribiana.

Ndiyo niliyokuwa nimevaa mwaka jana pale Rawdah. Rangi ya uzi imefifia, lakini mshono haujaachia. Dil alinilisha momo hadi nikamwambia nitashindwa kupanda ndege. Aliniambia Yadav ameoa, ana mabinti wawili. Aliniambia nyumba yao mpya ina nguzo za chuma, na zile hati za shamba zimo ndani ya kabati, kwenye lile lile sanduku la bati lililobonyea. Sikumwuliza kama amenisamehe. Ni swali nililokwenda nalo Jidda, na nilipomwona akikunja unga nikaona kwamba ningemwuliza ili mimi nipumzike, si yeye. Nikala tu.

Simu ikaita, palepale juu ya meza ya chuma. Dil aliinua mikono yake miwili, myeupe hadi viwikoni, akaitazama, akanitazama.

"Ni Asmita, ametoka shule," akasema. "Pokea wewe, daju."

Nilijifuta vidole kwenye kanzu, ingawa vilikuwa safi. Ilikuwa imeita mara mbili. Sikuiacha iite ya tatu.